Jina Langu Juu ya Fomu ya Mwikali

Leo naweza kucheka, lakini siku ile ningepata shimo ningejifukia mwenyewe. Mnajua nilikaa Doha miaka saba nikarudi na diploma ya usimamizi wa stoo niliyojilipia mwenyewe (iko kwenye fremu sebuleni, mgeni hanywi chai kabla ya kuiona), na katika kiwanda chetu cha nguo huku Athi River, ukisema ripoti ya zamu umenisema mimi: kurasa tatu, salamu, utangulizi, sahihi ya wino wa buluu.

Kisha Mwikali, msichana wa kijijini Ekalakala mwenye cheti cha sekondari tu, akatengeneza fomu ya ukurasa mmoja kwenye simu. Unaweka tiki, unapiga picha ya mashine iliyokwama, umemaliza. Meneja akaipenda, na ripoti zangu zikawa za kufunikia vikombe.

Wivu ulinishika. Nafasi ya msimamizi wa zamu ilikuwa wazi, nikasikia atapewa aliyebuni fomu ile, basi asubuhi ya mkutano nikajificha stoo, nikaifungua fomu kwenye simu, nikafuta jina la Mwikali lililokuwa juu, nikaandika Mutua. Likaonekana jembamba. Nikaongeza "Bwana". Bado. Nikaongeza "Diploma".

Mkutanoni meneja akaionyesha ukutani, akalitazama jina la juu. "Nani aliunda hii?"

Nikasimama, nikaeleza kwa mikono yote miwili jinsi nilivyoiwaza tangu Doha. Watu wakaanza kukohoa.

"Mzee Mutua," akasema Kioko, fundi wa mashine, "kila ukibadilisha, simu zetu sote zinalia. Leo zimelia mara tatu."

"Ya tatu ndiyo ya diploma!" akadakia mama mmoja wa kukata vitambaa. "Aiya!"

Nikasema ni makosa ya mtandao. Meneja akabonyeza mahali, na ukuta ukajaa: Mutua amefuta Mwikali, saa mbili na dakika kumi. Zamani ulichoma karatasi ya kwanza na hakuna aliyejua. Fomu hizi za simu hazisahau kitu.

Mwikali hata hakukasirika. "Angeniambia tu, tungeweka majina mawili. Yeye ndiye alinifundisha kuandika ripoti."

Hapo ndipo nilipoketi.

Cheo alipewa yeye. Kila jioni naijaza fomu yake, na wivu bado ninao, siwadanganyi, lakini jina la mtu sitalifuta tena maishani.