Siku Ngoma ya Baba Iliposhindwa na Mpira

Naomba radhi kabla sijaanza. Mwandiko wangu hupanda na kushuka kama njia ya kilimani, na yapo maneno niliyoyaandika kama tunavyoyatamka nyumbani, kwa hiyo atakayeyanyoosha kabla hamjayasoma namshukuru. Niliishia darasa la saba na ninaandika polepole, nikifuta zaidi ya ninavyoandika. Lakini ninyi mliokulia Mkolani nilipokulia mimi mtanielewa hata nikikosea, maana tulikula michembe ileile ya viazi vitamu vikavu na kuchubuka magoti kwenye mawe yaleyale.

Enzi zetu mchezo haukununuliwa dukani. Tulikata dumu la mafuta ya kula, tukakalia kipande chake na kuteleza kwenye jabali la nyuma ya kisima, mpaka nguo zikatoboka makalioni na mama akauliza kama siku hizi tunakula nguo. Wasichana tulicheza rede kwa mpira wa soksi, na ukipigwa mgongoni unaingia darasani kesho yake ukiwa bado unajikuna. Jioni tulikula matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikakaushwa, kwa karanga, au ugali na dagaa. Ikitokea siku ya sato, kichwa ni cha baba, nasi tulimwangalia akikinyonya mpaka akaona aibu na kutugawia shavu la samaki.

Raha kubwa kuliko zote ilikuwa wiki ya chuo. Chuo kikuu kilikuwa ng'ambo ya kilima chetu, na mara moja kwa mwaka wanafunzi wake walifanya sherehe zao: maigizo, midahalo, mihadhara, mashindano ya netiboli na mpira wa miguu, na siku moja ya utamaduni. Watoto wa mtaani tuliingia bure. Mama alikuwa na usemi wake akituaga mlangoni: "Nendeni mkale kwa macho. Mikono iacheni hapa nyumbani."

Tulikwenda hata kwenye mihadhara, kwa sababu ukumbi ulikuwa na feni na viti vinavyojikunja vyenyewe ukiinuka. Nakumbuka profesa mmoja alizungumza kuhusu ziwa muda mrefu sana, nasi tulikaa nyuma kabisa tukisubiri neno tunalolijua. Aliposema "sangara" tukampigia makofi kwa nguvu. Ukumbi mzima ukageuka kutuangalia. Nilitamani kiti kijikunje na mimi nikiwa ndani yake.

Hiyo ilikuwa aibu ndogo. Ninayotaka kuwaandikia ni ile kubwa, na baadhi yenu mnaijua kwa sababu mliniimbia shuleni.

Baba yangu alikuwa ningi, yaani kiongozi wa ngoma anayetunga na kuimba. Mchana alifyatua matofali, usiku alitunga nyimbo, na baada ya mavuno alitoka na kundi lake kwenda kushindana. Wanaotoka Usukumani wanajua, lakini wengine niwaeleze. Ngoma zetu za mashindano hazina hakimu wala alama. Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na watazamaji wanasimama katikati. Ngoma ikinoga upande huu, watu wanahamia huku. Ikinoga upande ule, wanakimbilia kule. Mwishoni mwenye watu wengi ndiye aliyeshinda. Watu wanahukumu kwa miguu, na miguu haihongwi.

Mpinzani mkubwa wa baba alikuwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa na kundi lake Magu. Baba alikuwa na vijana waliorusha majembe juu na kuyadaka bila kukosea mdundo. Mjomba alikuwa na chatu. Mwaka uliotangulia mjomba alimshinda baba hukohuko Magu, na kundi likishindwa, wachezaji wake huanza kuangalia pembeni. Vijana wawili wa baba walikuwa wameshahamia kwa mjomba. Waliobaki walisema wazi, pale uani kwetu, kwamba wakishindwa tena na wao wanaondoka. Kwa hiyo chuo kilipoyaalika makundi yote mawili siku ya utamaduni, baba hakuona mwaliko wa sherehe. Aliona nafasi yake ya mwisho.

"Shemeji, mlete huyo mjusi wako," alimwambia mjomba alipofika kwetu.

"Huyu mjusi mwaka jana alikula watu wako wote," mjomba akamjibu. "Mwaka huu atakula na majembe."

"Mama Kulwa, na wewe leo utasimama upande gani?" baba akamuuliza mama. Kulwa na Doto ni wadogo zangu mapacha.

"Mimi nitasimama katikati kama nguzo ya umeme," mama akasema. "Mume huku, kaka kule, na mimi ndiye ninayewapikia wote. Atakayenikasirikia atakula sufuria."

Uwanja wa chuo ulikuwa umepangwa mahema upande mmoja, na viti vya plastiki vyeupe kwa safu. Kijana aliyeshika kipaza sauti alitaka makundi yacheze kwa zamu.

"Tukicheza kwa zamu, watu watajuaje nani kashinda?" baba akauliza.

"Mzee wangu, hapa hakuna kushindana. Mnatuonesha tu utamaduni wetu."

"Kuonesha," baba akarudia, kama mtu aliyepewa kitu na hajui akishike wapi. Akamwangalia mjomba. Kwa mara ya kwanza wakawa upande mmoja. Walikataa katakata. Kijana akaangalia saa, akasema basi, chezeni kwa pamoja, muda wenyewe umetubana.

Sisi watoto tulikuwa juu ya mawe ya upande wa pili. Ngoma zilipoanza nilisikia zikipanda kwenye jiwe mpaka kwenye mifupa yangu. Baba alikuwa ametunga wimbo mpya kuhusu mtu aliyelima shamba la watu wote akasahau la kwake, na alikuwa ameuimba kila usiku hadi tukaujua hata sisi. Majembe yalipaa yakawaka kwa jua. Upande wa mjomba chatu alitolewa guniani.

Hakuna aliyehama. Wanafunzi walikaa kwenye viti vyao. Walipiga makofi, wawili watatu walirekodi kwa simu, walitabasamu vizuri kabisa, lakini hawakuinuka. Baba aliimba akiwaangalia miguu. Niliona anavyoongeza sauti, anavyowafokea wapiga ngoma wakaze, na jasho lilivyoanza kumdondoka kidevuni. Mara moja tu safu ya mbele iliruka na kukimbilia upande wake, na vijana wake wakapiga kelele za ushindi. Kumbe mjomba alikuwa amesogeza chatu karibu na wasichana. Walipoona amerudishwa mbali, wakarudi kukaa.

Kisha kipaza sauti kikasema fainali ya mpira inaanza uwanja wa chini.

Wote wakainuka. Sijawahi kuona watu wengi wakiinuka kwa pamoja namna ile, isipokuwa kanisani. Walikwenda wakicheka na kukimbizana, na wengine walibeba viti. Mjomba akanyamazisha ngoma zake. Baba hakunyamaza. Aliendelea kuimba mbele ya hema tupu mpaka akafika mwisho wa ubeti, maana ningi haachi ubeti katikati.

"Shemeji," mjomba akaita, chatu akiwa shingoni, "nani kashinda?"

"Wameshinda wenye mpira," mmoja wa wapiga ngoma akasema, na wengine wakaanza kucheka.

Baba hakucheka. Kwa ngoma zetu, watu wakikukimbia una ruhusa ya kusogea kuwafuata na kujaribu kuwarudisha. Ndivyo alivyofanya. Alimnyang'anya kijana ngoma, akaivaa shingoni na kushuka peke yake kwenye uwanja wa chini akiimba. Vijana wake hawakumfuata. Mama alimwita kwa jina lake, jina ambalo hatukuwahi kulisikia mdomoni mwake, lakini alikuwa ameshafika.

Aliingia ndani ya mstari. Refa akapuliza filimbi, wachezaji wakasimama, na mpira ukaenda wenyewe taratibu mpaka ukamgonga baba mguuni. Watu walicheka mpaka wakalala.

"Ngosha, piga golini!" mmoja akapiga kelele, akimwita kama wanavyoitwa wanaume wote wa Kisukuma.

"Mpeni jezi!"

"Kadi nyekundu! Refa, mpe kadi!"

Mlinzi wa chuo akamfuata. Alikuwa mtu wa kwetu, wa umri wa kaka yangu mkubwa. Tulikuwa tumeshateremka, na nilimsikia vizuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hawa watu wametoka kwangu. Nimekuja kuwafuata."

"Baba, hawa hawajui mambo hayo. Wamekuja kuangalia mpira tu. Naomba tutoke, watanifukuza kazi."

"Niache nimalize ubeti mmoja. Wakisikia ubeti huu watageuka."

"Baba, tafadhali."

Akamshika mkono. Hakumvuta, lakini alimshika, na watu wote waliona baba yangu akitolewa uwanjani kama mlevi, naye hakuwahi kunywa. Wakampigia makofi. Hayo ndiyo makofi makubwa kuliko yote aliyopata siku ile. Mimi niliinamisha kichwa na kuangalia vidole vyangu vya miguu, na sikukiinua mpaka mpira ulipoanza tena.

Jumatatu shuleni mliniimbia. "Baba yako kafungwa ngapi?" Wengine mlisema tatu bila, wengine mkasema alifungwa hata na golikipa. Mwalimu naye alitoka nje kucheka halafu akarudi kutunyamazisha. Siwalaumu, utoto ndivyo ulivyo, na mimi ningecheka kama angekuwa baba wa mwingine. Lakini tangu siku hiyo nilizoea kukaa nyuma na kujibu kwa kichwa, na mpaka leo nikiingia mahali penye watu hutafuta ukuta.

Vijana wa baba walimaliza kuondoka kabla ya mvua. Wawili wengine walikwenda kwa mjomba, waliobaki kwenye bodaboda Buzuruga. Mjomba mwenyewe alikuja kumbembeleza. "Shemeji, hatukushindana siku ile. Pale hapakuwa na watu, palikuwa na viti." Baba akamjibu kwamba miguu iliinuka, aliiona. Aliitundika ngoma juu ya jiko. Kuku walitaga ndani yake.

Siku hizi chuo bado kina wiki yake, na napita nikienda kuuza mboga. Kuna spika kubwa kama kabati. Vijana wanacheza ngoma za asili kwa muziki wa simu, wamevaa fulana za rangi moja, na jembe lao ni la ubao ili lisimuumize mtu. Wanaotazama hawana haja hata ya kusimama. Kitu kikiwafurahisha wanakipenda kwa kidole gumba kwenye simu, wanapitisha, wanapenda kingine. Wadogo zangu Kulwa na Doto wananiambia huo ndio umati wa siku hizi, kwamba mtu anaweza kuwa na watu maelfu na asisikie vumbi la miguu yao. Sisi tulijua tumependwa tukianza kukohoa. Lakini sina haki ya kuwacheka sana, kwa sababu siku ile ya baba hapakuwa na simu nyingi za kulaumiwa.

Mwezi uliopita baba aliniuliza jambo tukichambua mchicha. Amezeeka, haongei mengi.

"Mwanangu, siku ile ulikuwa upande wa mawe. Uliziona nyuso zao. Walipoinuka, walikuwa wamechoshwa na wimbo wangu, au waliitwa tu?"

Nilimwambia sijui. Nilikuwa namwangalia yeye anavyotoka jasho, na baadaye nikaangalia vidole vyangu. Kati ya watu wote pale, mimi niliyeujua ule wimbo sikuziona nyuso zao. Nimeona aibu nyingi, lakini hii ya kumwambia baba "sijui" imenikaa mahali pabaya.

Kwa hiyo naandika. Kama ulikaa kwenye viti vile vyeupe, ukasikia wimbo wa mtu aliyesahau shamba lake, halafu ukainuka, naomba uniandikie kupitia hapahapa uliponisoma. Usimwonee huruma. Kama wimbo ulikuwa mbaya, sema ulikuwa mbaya, na kama ulikuwa mrefu, sema ulikuwa mrefu. Amesubiri muda mrefu kuambiwa hukumu yake, na mimi nitamsomea kama ilivyo, polepole, neno kwa neno.