Bi Mdogo Halipitwi

Mume wangu Anatoli ana gari ambalo mimi naliita Bi Mdogo. Nililipa jina hilo kwa hasira, wiki ya kwanza, nilipoona analiosha mara mbili kwa siku wakati mimi naomba wiki nzima anichotee maji hata ndoo moja. Siku hizi na yeye analiita hivyo hivyo, tena kwa mapenzi, wala haoni aibu mbele za watu.

Nieleze vizuri, maana ukiwasikiliza bodaboda wa Mugoma utadhani nimeolewa na mwehu. Anatoli si mwehu. Ni fundi mwashi, na nusu ya nyumba za matofali za kata hii zimepita mikononi mwake. Ana kahawa, ana migomba, Jumapili anaimba besi kanisani, na tangu anioe hajawahi kuninyanyulia mkono. Kasoro yake ni moja: akishika jambo, hata ukimletea askofu hamwachishi.

Kabla ya uashi alikuwa utingo wa malori. Miaka saba alipakia maharage na mikungu ya ndizi, Ngara mpaka Kahama. Enzi zile msitu wa Biharamulo haukukatizwa hivi hivi, majambazi walikuwa humo. Magari yalikusanyika kwanza, mabasi na malori, yakingoja askari. Gari la askari likatangulia, nyie mkafuata nyuma mmoja mmoja, na dereva aliyejaribu kulipita alishushwa akala vibao. Anatoli alikaa juu ya magunia akisali rozari. Hili nalisema mapema kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kulisahau, na hapo ndipo tulipoumia.

Mambo yalianzia kwenye kibanda umiza kimoja pale Ngara mjini, wanakoonyesha mpira. Anatoli alikuwa anapiga lipu duka la jirani, mvua ikaja, akaingia kujikinga. Mle ndani kulikuwa na televisheni mbili na spika moja, na spika hiyo ilikuwa ya mpira. Ile ya pili ilikuwa bubu, inaonyesha mashindano ya magari huko Ulaya, na kule nako mvua inanyesha. Mbele ya yale magari ya mashindano, yale mabapa yenye magurudumu nje, lilikuwa linakwenda gari la kawaida kabisa la rangi ya fedha, lina milango minne, na juu ya paa lina taa za rangi ya chungwa zinazomweka. Yale mengine yanalifuata, yanayumba kushoto, yanayumba kulia. Hakuna lililothubutu kupita. Anatoli alisimama pale na saruji yake nywelani mpaka mvua ya Ngara ikakatika, na alipotoka gari la fedha lilikuwa bado la kwanza.

Jioni akaniambia, "Mama Anneth, leo nimeliona gari ambalo halipitwi."

"Halipitwi na nani?"

"Na yeyote. Magari ishirini yapo nyuma yake, yananguruma tu."

Nikamwambia ale chakula kinapoa. Sikujua kwamba kahawa ya misimu miwili na ng'ombe wetu wawili walikuwa wameshauzwa kichwani mwake. Alipiga picha ile televisheni kwa simu, akaizungusha kwa madalali mpaka Mwanza, na mmoja akamwambia kwamba gari la namna ile lipo, limetoka Japani, mali ya mtu mmoja, ni lile lile ila limetengenezewa barabara za watu wa kawaida. Mwezi wa nane likaingia nyumbani kwetu, la fedha, milango minne. Watoto wa jirani walilifuata mpaka uani. Anatoli alishuka polepole, akafunga mlango kwa vidole viwili, akawaambia, "Hili halijawahi kupitwa."

Taa ya paa akainunua Ngara na kuifunga mwenyewe. Siku ya kwanza alipoiwasha tukipita Nyakisasa, watu walitoka mashambani wakapanga mstari, kila mmoja na gunia lake tupu, wakidhani ni maofisa wa mbolea ya ruzuku. Bibi mmoja alitufokea kwa Kihangaza kwamba tumemkata jina mwaka jana. Trafiki naye akamsimamisha, akamwambia mzee, taa hiyo usiiwashe mpaka siku unaongoza msafara. Anatoli akaitikia kwa mdomo.

Kupitwa, sasa, hapo ndipo palikuwa na kazi. Akiona bodaboda kwenye kioo anakanyaga mafuta. Akiona basi anakaa katikati ya barabara. Nilishika mkanda na kunyamaza, kwa sababu nilijua jambo asilolijua: vijana wa bodaboda walikuwa wamekubaliana wasimpite. Aliwajengea mama zao nyumba, wengine akawasamehe hata fedha ya ufundi, basi wakaona heshima hiyo haiwagharimu kitu. Wenye haraka walikatiza mashambani na kutokea mbele huko asikowaona. Mume wangu akatamba miaka miwili kwa huruma ya watu.

Ndipo binti yetu Anneth, mwalimu wa shule ya msingi huko Nyabusozi, akapata mchumba. Mhoja, Msukuma, mpole, anafuga nyuki. Anatoli alimpenda, ila alisema neno moja tu: "Siku ya harusi, mwanangu nampeleka mimi. Mbele. Na hakuna atakayetupita."

Walipokuja kujitambulisha walimleta na kaka yake Mhoja, jina lake Shibuda, fundi wa magari Biharamulo mjini, mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko. Akaamkia vizuri, shikamoo mzee, shikamoo mama, akala, akanywa pombe ya ndizi. Anatoli hakungoja hata sahani ziondolewe. Akampeleka kwa Bi Mdogo, wageni wote nyuma, akaanza hadithi ya magari ishirini.

Shibuda akacheka. Hakuwa na nia mbaya, kile ni kicheko chake. "Mzee wangu, lile gari halishindani."

"Halishindani vipi, na liko mbele?"

"Linawekwa mbele. Pakitokea ajali, au mvua ikizidi, linaingizwa barabarani liwatulize wale wengine wasije wakafa. Ni marufuku kulipita. Hatari ikiisha linazima taa, linatoka pembeni, wao ndio wanaendelea kushindana."

Kila mtu pale alikuwa anamtazama Anatoli. Yeye alikuwa anatazama tairi. Halafu akasema anakwenda kumwangalia mbuzi kama amekunywa maji, na hakurudi mpaka wageni walipoaga. Nilimwonea huruma. Siku zote mimi ndiye ninayemcheka, na siku hiyo niligundua kuwa sipendi mwingine amcheke.

Kesho yake Bi Mdogo likafunikwa turubai. Wiki sita halikuguswa. Kuku wangu mwekundu akapenya kwa chini, akaingia kwenye dirisha lililobaki wazi, akatagia kiti cha nyuma na kuatamia. Bodaboda wakapita barabarani kwa raha zao, na Anatoli akaenda kazini kwa baiskeli, anasukuma kwenye milima kama mtu anayetumikia adhabu. Nikimuuliza habari za harusi anajibu, "Watampeleka kwa magari yao. Mazuri, mapya." Anneth akapiga simu akilia kwamba baba amekataa kumpeleka. Nikamwambia niachie mimi.

Jioni hiyo nilimkuta anamenya maharage, kazi ambayo haijui. Nikakaa karibu yake.

"Baba Anneth, ulipokuwa utingo, lile gari la askari lililotangulia msituni lilikuwa linashindana na nani?"

Akanitazama. "Lishindane na nani? Lilikuwa linatuvusha."

"Na dereva wake mlimcheka?"

Akamenya maharage mawili matatu, akatupa maganda kwenye sufuria na maharage chini. Nikamwacha. Kulipokucha nikasikia maji yanamwagika uani. Kuku alikuwa amehamishiwa kapuni, na mayai yake kumi, na mume wangu amejipinda ndani ya Bi Mdogo na brashi.

Tangu hapo akawa kila jioni anampigia Shibuda simu kumuuliza sheria za lile gari la televisheni, wamekuwa marafiki. Mwendo unapangwa na nani? Na wa mbele. Wa nyuma akileta ujuaji? Anaadhibiwa. Yote akayashika. Moja tu lilimshinda. "Hilo la kuzima taa na kutoka pembeni," aliniambia, "sijaliona kwenye ile televisheni."

"Uliondoka kabla hawajamaliza."

"Basi mimi sitalifanya. Mwanangu nampeleka mpaka mlangoni pa kanisa, wao wako nyuma yangu."

Nilijua haongelei tena magari. Anneth ndiye mtoto wetu pekee. Wawili waliomtangulia tuliwazika wachanga, na huyu, Anatoli alimlea kwa kumshika mkono kila palipokuwa na mtelezo. Mkono huo sasa hakutaka kuuachia, na kila alipofikiria siku ya harusi aliona magari yakimpita na mwanawe akiwa ndani.

Jumamosi ya harusi tuliamkia ukungu. Ukungu wetu wa milimani unaujua mwenyewe uliyezaliwa huku. Migomba ya uani ilikuwa haionekani. Ndoa ilikuwa ifungwe kwa kina Mhoja, Biharamulo, saa sita. Magari yalijipanga: Bi Mdogo mbele, mimi na Anatoli ndani, nyuma yetu Prado nyeupe waliyoileta kina Mhoja kumchukua bibi harusi, Shibuda kwenye usukani, halafu Noah tatu na basi dogo la kwaya. Vijana wa zile Noah wanajulikana, harusi kwao ni honi na kupitana. Anatoli akawafuata dirishani mmoja mmoja. Hakupandisha sauti. "Taa yangu ikiwa inawaka, hakuna kunipita. Atakayepita, hali chakula cha harusi hii."

Tukashuka milima ile kwa mwendo wa gari la maiti. Nyuma honi zinalia, saa inakwenda, na mimi, nisiseme uongo, nilianza kuona haya. Mwenda pole hajikwai, lakini padri naye ana saa. Tulipokaribia kona moja chini ya Ngara, Anatoli akaona majani barabarani, matawi mabichi yamewekwa, moja, halafu jingine. Akakanyaga breki taratibu, taa yake inamweka, na wote nyuma wakasimama mmoja mmoja. Mbele yetu, hatua kama kumi, lori la mizigo lilikuwa limelala kukata barabara nzima, halina hata taa moja. Dereva wake alikuwa ameketi kando, mzima, amejifunika shuka.

Shibuda akashuka. Akatazama lori, akatazama yule kijana wa Noah ya kwanza aliyekuwa akipiga honi, kisha akaja dirishani kwetu. "Ahsante, mzee," akasema. Hakucheka. Tukapita pembeni kwenye nyasi, gari moja moja, Anatoli akiwaongoza kwa mkono.

Pale Benaco ukungu ukaanza kupasuka. Tulipofika Nyakahura jua lilikuwa kali, lami imenyooka, na watu wa Mhoja wanatungoja na pikapu ya matarumbeta. Utaratibu tuliopanga sisi na wao ulikuwa huu: kutoka pale wao ndio wanapokea msafara. Matarumbeta mbele, bibi harusi anafuata, sisi wa upande wake tunakuja nyuma.

Anatoli akawapita. Taa inawaka.

Pikapu ikaingia nyuma yetu, matarumbeta yakapiga kwa kusitasita. Tukaenda kilomita tano hivi. Shibuda hakupiga honi hata mara moja.

"Baba Anneth, ukungu umekwisha."

"Nauona."

"Barabara nyeupe."

"Nayo naiona, Mama Anneth."

Macho yake yalikuwa kwenye kioo cha juu. Nikageuka. Prado ilikuwa imejitokeza pembeni mwa pikapu, na Anneth alikuwa ameketi mbele, karibu na Shibuda, shela ameifunua, anatutazama sisi. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja tu, alivyokuwa akingoja utotoni mpaka baba yake amwambie sasa vuka.

Anatoli akanyoosha mkono, akazima taa ya paa. Akawasha indiketa ya kushoto, akatoka barabarani, akasimama kwenye nyasi.

Pikapu ikapita, na sasa wale wapigaji wakapuliza kwa nguvu zao zote. Ikapita Prado. Ilipofika usawa wetu ilipunguza mwendo, Anneth akatoa mkono dirishani, na Anatoli akautoa wake, haikufikiana. Zikapita Noah, likapita basi la kwaya, ikapita hata pikipiki imebeba kreti za soda. Mume wangu akaweka kichwa kwenye usukani akalia, na mimi nikalia, na hatukuulizana tunalia nini.

Alipomaliza akajifuta kwa tai yake mpya. "Twende," akasema, "tusije tukakosa ndoa ya mtoto wetu." Tuliingia kanisani wa mwisho.

Sasa hivi Bi Mdogo linaendeshwa kwa adabu. Akiona bodaboda kwenye kioo, Anatoli anawasha indiketa na kumpisha, na vijana wamechanganyikiwa, wengine bado wanakatiza mashambani kwa mazoea. Juzi mtoto wa jirani alimuuliza kama ni kweli gari hili halijawahi kupitwa.

"Limepitwa," akasema, huku anaendelea kusugua kioo. "Siku moja. Na mimi mwenyewe ndiye niliyempisha mwanangu."