Mchumba wa Simu na Mchumba wa Ipogolo

Msimu ule nilikuwa nafukuza ndege kwenye mpunga wetu wa Ubaruku tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Mikono ilikufa ganzi kwa kurusha udongo kwa kombeo, na juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia ndege, sikuwa na mwenzangu ila simu. Kwenye simu kulikuwa na gemu la katuni za Kijapani: unakuwa msichana mwenye upanga, unapigana na majoka, na mwana wa mfalme mwenye nywele rangi ya fedha anakuchumbia kidogo kidogo.

Nisiseme uongo, lilichorwa likachoreka. Na yule kijana alikuwa na kumbukumbu! Ukimwambia leo unapenda mvua, kesho anaiulizia. Lakini majoka ni yaleyale, unaua hili linakuja lile, kama ndege kweleakwelea wa mpungani tu, na betri inaisha kabla ya posa. Kilichonichosha zaidi ni majibu. Unaletewa matatu uchague, ukikosea unarudia mpaka kijana atabasamu. Hata kununa hajui.

Ndipo mshenga akaja kwa baba, katumwa na familia moja ya Ipogolo. Kijana wao nilimwona mara moja tu, msibani. Mshenga akasema yote: eti kijana hali, halali, kwa ajili yangu. Shangazi akanifuata shambani kuchukua jibu. Nikamwambia sijibu mpaka mwenyewe aje aniulize.

"Makubwa! Sasa mshenga kazi yake nini?" Shangazi akashika kiuno. "We binti, hizo katuni zitakumaliza. Umri huo bado unaringa?"

Sikuwa naringa. Nilichoka kuwa peke yangu, na kuolewa nilikutaka sana, ila na mtu anayenitaka.

Kijana akaja kweli. Akapanda dunguni, akaulizia mpunga, akaulizia maji ya mfereji, akaulizia mpunga tena. Nikaona tutakesha. Nikamuuliza mimi: "Wewe unanitaka?"

Akatazama viatu vyake vilivyojaa tope.

"Mama ndiye anakutaka, dada. Mimi nina mtu wangu Tosamaganga, ila mama hataki hata kumsikia."

Nilimkatalia palepale, nikamwambia arudi akampiganie huyo wake. Akanishukuru, akashuka, akashika njia ya tutani bila kugeuka. Ndege walishuka mpungani nami sikuwarushia kitu. Iliniuma, maana aliponiambia ukweli ule ndipo nilipoanza kumpenda.