Foleni ya Saa ya Kukamua

Juzi nilikuwa Eldoret mjini, nimesimama mbele ya mashine ya kuuza maziwa, chupa mkononi, mara redio ya duka ikatangaza kwamba kaunti inawaita wananchi kutoa maoni kuhusu pesa za maendeleo. Kikao kitaanza saa tisa alasiri. Saa tisa! Rafiki yangu, nilicheka hadi maziwa yakanimwagikia viatuni, na mwenye duka akaniuliza kama niko sawa. Singemlaumu. Yeye si mtu wa kwetu, kijiji cha Ziwa. Hajui saa tisa ilitaka kutufanyia nini nilipokuwa mtoto.

Kwetu, ukishapita Ziwa sokoni, saa tisa ilikuwa saa ya kukamua. Ndoo zinaoshwa kwa maji moto, vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando, vinasuguliwa kwa mkaa, ndama wanalia zizini kama wamefiwa. Gari la maziwa lilipita saa kumi na moja na halikumngoja mtu, hata angekuwa rais. Na ng'ombe wa kwetu walikuwa na madharau. Kila mmoja alikubali mkono mmoja tu. Wetu, mwekundu wa pembe moja, akiguswa na mgeni alibana maziwa yote, ungedhani ameyaweka benki. Alimjua mama yangu peke yake.

Serikali ya kaunti ilikuwa bado mpya, inanukia rangi. Ilituambia tuchague mradi mmoja tu: josho la kuogeshea ng'ombe, au wodi ya kujifungulia pale zahanati. Josho lilikuwa na haki yake. Kupe walikuwa wanamaliza ndama, na jirani yetu alikuwa amepoteza wawili wazuri sana. Lakini mama alikuwa mjamzito, tumbo linamtangulia, na mtoto aliyetangulia alifia njiani, gari likiwa limekwama kwenye matope kabla ya kufika Eldoret. Nyumbani hatukuligusa jambo hilo. Siku ya kikao, Kogo, yaani nyanya yetu, alijifunga leso kiunoni akasema tu, "Leo harudi mtu mpaka tuhesabiwe."

Tulikutana uwanja wa shule ya msingi. Afisa wa kaunti, kijana wa suti, akasema hakuna karatasi: wanaotaka josho wapange foleni nyuma ya jirani yetu, wanaotaka wodi wapange nyuma ya Kogo. Atakayetoka kwenye foleni hatahesabiwa. Na kuhesabu kutaanza mheshimiwa, mwakilishi wetu, akifika.

Saa nane foleni ya Kogo ilikuwa ndefu, naapa ilikaribia kufika Uganda. Sisi watoto tulikuwa tumekaa juu ya mbao za goli, tunashangilia. Saa tisa, mheshimiwa bado. Afisa akapiga simu. "Yuko karibu sana," akatangaza.

"Karibu na wapi?" Kogo akauliza.

Hapo ndipo ng'ombe walipoanza. Kwanza mmoja, ng'ambo ya mahindi, halafu wote. Kina mama wakaanza kutazama jua. Wanaume wa josho hawakuwa na wasiwasi. Kukamua hakukuwa kazi yao. Jirani akaita, "Kina mama, mnaitwa huko! Nendeni tu, tutawahesabia."

"Wewe?" Kogo akamjibu. "Utatuhesabia kwenye foleni gani?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi. Mama mmoja akachomoka, akaomba msamaha, akakimbia. Mwingine akamfuata. Foleni yetu ikaanza kufumuka kama soksi kuukuu, na ile ya josho ikasimama pale pale, imenyooka. Mama yangu alisimama ameshika kiuno. Sikuweza kumtazama usoni. Nilitazama barabara, nikiomba vumbi la gari, na papo hapo nikiomba lisije likakuta foleni yetu imekuwa fupi.

Ndipo Kogo akatugeukia sisi watoto na kupaza sauti: "Mnakaa hapo kama kunguru? Leteni ng'ombe hapa! Na ndoo!"

Jameni, tulikimbia! Tuliporudi, uwanja uligeuka zizi. Kila mama aliyebaki alichuchumaa mahali pake kwenye foleni, ndama kando, ndoo katikati ya magoti. Afisa alikuja mbio, amekunja suruali. "Mama, huu ni uwanja wa shule!"

"Na hii ni foleni, kijana. Ulisema tusitoke. Tumetoka?"

Akarudi mbele akiruka ndoo.

Mheshimiwa akafika wakati huo huo. Akaanza kuhesabu, kidole hewani, na ng'ombe wetu, labda kwa kuona suti nyingi, akapiga teke. Ndoo ikapinduka. Maziwa yote yakatandaa kwenye nyasi, meupe, na ng'ombe akakimbilia golini. Mama alinyanyua mguu mmoja amfuate. Kidole kilikuwa kimebakiza watu wanne kumfikia. Akaurudisha mguu chini, akasimama kwenye maziwa yake, akahesabiwa.

Wodi ilishinda kwa watu wachache ambao ungewapakia kwenye pikapu moja. Tukirudi nyumbani, ndoo tupu mkononi, mama alisema polepole, "Lakini haitaisha kabla yangu."

"Najua," Kogo akasema.

Na kweli haikuisha. Ndugu yangu alizaliwa nyumbani, asubuhi ya mvua, mikononi mwa Kogo, huku jirani yule wa josho akiwa nje na trekta yake inanguruma muda wote, endapo mambo yangeharibika. Hayakuharibika. Wodi ilipofunguliwa, ndugu yangu alikuwa tayari anakimbiza ndama.

Kogo ametuacha. Jirani aliuza ng'ombe wake, uwanja umekatwa plot za kujenga, na kina mama wale wametawanyika kwa watoto wao mijini. Siku hizi maoni yanatumwa kwa simu, na hujui ni nani amesimama nyuma yako.

Mwaka jana nilijifungua katika wodi ile. Muuguzi, msichana mgeni kabisa, aliniambia nina bahati kuzaliwa karibu na wodi kama hii. Mama alikuwa ameinama upande wangu, anapitisha kiganja juu ya godoro ambalo yeye hakuwahi kulilalia, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

"Kumbe ni pana hivi," akasema.