Kulabu ya Boti na Jina la Kondo

Siku yangu ya kwanza kazini Mhandisi wa Vipimo hakunionyesha kiti. Alinipeleka uani penye boti ndogo ya faiba iliyokaa juu ya tela, akachomoa kizibo cha shaba nyuma yake, chini kabisa, akanitia mkononi. Bila hicho, alisema, maji huingia polepole, nawe hushtuki mpaka ufike katikati ya mto. Kisha akanipa sheria niliyoishika miaka yote: "Dereva akikwambia amefunga, fungua, halafu ufunge mwenyewe."

Hakunifundisha kushuku, alinikuta nako. Hata leo sokoni Picha ya Ndege, hapa Kibaha, nikinunua nyanya hupindua fungu zima nione za chini, na wauzaji wameshanichoka. Lakini nitakayoyaeleza hapa si ya nyanya. Kuna mtu aliyepoteza usukani wake na jina lake, na aliyempotezea ni mimi.

Kazi yetu ilikuwa kupima kina cha maji na tope, leo Mto Ruvu upande wa Kibaha, wiki nyingine bwawani Kisarawe. Vijana hudhani kushusha boti ni kuisukuma tu. Kwanza mnasubiri tairi za tela zipoe, kwa sababu beringi ya moto ikiingia maji ya baridi huyanyonya, na baada ya miezi miwili inalia. Mnachomoa waya wa taa. Mnatia kizibo. Mnafungua mikanda ya nyuma. Ila kulabu ya mbele, ile inayoshika pua ya boti kwa waya wa winchi, haiguswi mpaka boti ielee. Kupandisha ni kinyume chake: tela linazama kiasi, kulabu inashikwa puani, winchi inavuta. Na dereva anayerudi rivasi akitaka tela liende kulia, huanza kwa kuzungusha usukani kushoto.

Kondo aliyajua hayo kuliko wote. Alikuwa dereva wetu, mtu wa Maneromango, mpole, na alilirudisha tela kwa kutazama vioo vya pembeni tu. Nilimshuku tangu mwanzo. Upole wake niliona una jambo, na jambo lenyewe nikalipata: chengachenga za mkaa chini ya viti vya boti. Akitoka Kisarawe alikuwa akipakia gunia moja au mawili humo. Nikanyamaza, nikaweka akiba.

Asubuhi ya ajali tulifika Ruvu mapema, kwenye mteremko wa zege. Kondo alisema kila kitu kiko sawa. Nikafanya desturi yangu, nikafungua kulabu ili niifunge mwenyewe. Baada ya muda akauliza kutoka dirishani kama tayari, nikainua mkono. Alirudi hatua chache tu, boti ikateleza kutoka kwenye tela, ikapiga zege kwa tumbo. Ilipasuka mkuku, ule uti wa chini, na mashine ikavunjika shingo. Hakuumia mtu.

Kulabu ilikutwa chini, nzima. Niliapa kwamba niliifunga. Kwenye ripoti niliandika kuwa magunia ya mkaa yaliilegeza winchi, waya ukaachia. Afisa Usafirishaji akamtaka Kondo aandike maelezo, akaandika, hayakumsaidia. Akanyang'anywa funguo, akahamishiwa getini, akabaki huko mpaka anastaafu. Mimi nilipandishwa, nikapelekwa stoo ya vifaa Kwala, nako nikahesabu kila spana mara mbili.

Mwaka jana, nikiwa mstaafu, nilikuwa kwenye foleni ya macho hospitalini Tumbi. Bibi mmoja mzee sana aliyekaa ubavuni mwangu akanikazia macho yake hayo mabovu, akauliza kama si mimi mama wa boti pale Ruvu. Nikajua ni tapeli, nikavuta mkoba karibu. Yeye akaendelea kwa furaha.

"Nilikuwa natoka shamba na kapu langu la mihogo," alisema. "Ukaacha lile chuma lako likining'inia, ukaja kunishika mikono yote miwili. Shikamoo yako nzima, na goti umekunja. Nikawaambia wanangu, yule kalelewa."

Nilimjibu kwamba alinifananisha. Kisha nikaukumbuka ule unga wa udongo mikononi mwake, na nafsi ikanisuta. Mzee hasalimiwi huku umeshika chuma. Siku ile niliiachia kulabu, tukaulizana habari za nyumbani na za mvua, akaenda zake, na nilipogeuka Kondo akawa anauliza kama tayari.

Wiki ile ile nikaenda Maneromango. Kondo alinipokea vizuri, akatandika mkeka, mkewe akaleta uji. Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuonyesha mshangao, nami hata hapo nikamshuku.

"Mama Neema, mimi niliandika," alisema. "Kwenye maelezo yangu. Nilikuona kwenye kioo unamsalimia bibi, nikadhani ushafunga."

Nikakumbuka. Karatasi ile niliisoma mimi mwenyewe kwa sauti mbele ya Afisa Usafirishaji, tukacheka mpaka machozi. Nilisema dereva huyu amekosa kisingizio hadi anaisingizia shikamoo. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Nikamwuliza anataka nimfanyie nini.

"Mkaa ulikuwa wangu, hilo sikatai," alisema. "Lakini ofisini wananiita Mkaa mpaka leo. Dereva mgeni akija, anasimuliwa mimi. Hilo tu."

Ndiyo maana nimeandika, ingawa sikuzoea kuandika ila ripoti. Bado hurudi mlangoni mara mbili kutazama kufuli, na sidhani nitaacha. Miaka yote ile nilikagua mikono ya kila mtu, isipokuwa miwili. Ninyi mnaoshusha boti pale Ruvu sasa, mkimsimulia mgeni habari za Kondo, msimulieni hivi: winchi ilikuwa nzima, dereva alisema kweli, na kulabu niliiacha mimi.