Kupigwa Picha, Kupigwa Makofi

Kwetu Msambweni mja mzito akipimwa tumbo kwa mashine husemwa amepigwa picha. Mimi siku ile nilipigwa kila kitu.

Mume wangu alikuwa amerudi baada ya miezi mingi Samburu, akipakia ng'ombe kwenye malori, na mimba niliipata aliporudi. Kliniki, mpimaji alinipitishia chombo tumboni, akakunja uso, akasema, "Mtoto huyu ni mkubwa kuliko miezi mnayoitaja. Rudini kesho, daktari amtazame vizuri." Mume wangu, aliyekuwa kando yangu, akashika neno moja tu, miezi. Njia nzima alikuwa akihesabu kwa vidole.

Tulipofika uani alinikaba shingo. "Mimba ya nani hii? Mimi nilikuwa Samburu." Kofi la kwanza lilinitoa damu puani, la pili likaniangusha, kisha akanipiga teke la kiuno. Mavyaa alisimama mlangoni amekunja mikono. "Mwanangu, mtoto hakui akapita miezi yake," akasema, kwa upole kabisa, na upole ule uliniuma kuliko teke. Mimi si wa kulia. Nilikamata kibao cha mbuzi nilichokunia nazi asubuhi, nikamrushia mwanawe, na chuma chake kikampasua goti.

Kesho yake nilirudi kliniki damu ikinitoka, nikimwomba Mungu mtoto awe hai. Daktari, mwanamke wa makamo, alinigeuzia kioo cha mashine nione. Moyo ulikuwa unapiga. Akanionyesha ulimi mkubwa uliotokeza mdomoni, na matumbo yaliyojitokeza kitovuni.

"Miezi yako ni sawa, mama. Haya yanaonekana ni maradhi ya nadra ya vinasaba, yanamkuza mtoto kupita kiasi. Bahati tumeyaona mapema. Utazalia hospitali kubwa, penye wapasuaji. Ukizalia nyumbani, huenda asipone."

Mume wangu alikuwa amefika akichechemea, amesimama mlangoni anasikiliza. Akauliza, "Kwa hivyo ni wangu?"

Hakuuliza kama mtoto atapona. Nilimchukia kwa chuki ambayo mpaka leo haijaniisha. "Alikuwa wako mpaka jana," nikamwambia, na mbele ya daktari nikadai talaka yangu.

Kuzaa nilikwenda na mamangu. Mtoto alitoka mkubwa, matumbo nje, akihema kwa shida, na wapasuaji walikuwa wamekwisha kunawa mikono, wanamngoja yeye.