Maji ya Tofu kwenye Miwani

Bi Tomie Kurosaka alizaliwa ndani ya mvuke, na mtu yeyote wa mji wetu wa Obihiro, kaskazini mwa Japani, atakwambia hivyo. Mama yake alishikwa na uchungu sufuria ya soya ikichemka, na duka la tofu, ile jibini ya soya, halikufungwa siku hiyo. Leo duka ni lake, ana miaka hamsini na ushei, na tangu alfajiri anatembea ndani ya wingu kama wewe na mimi tunavyotembea sebuleni. Ukimtajia ukungu anacheka.

"Ukungu? Mimi na ukungu tumenyonya ziwa moja!"

Tofu ikishakatwa, anavua aproni, anavaa viatu vya mbio na kumpitia Bwana Seiji Nagaoka. Huyu ni mkandaji viungo, kipofu tangu utoto, mtu wa mizaha mikavu. Wanakimbia kando ya Mto Tokachi, kila mmoja ameshika ncha ya kamba fupi, na Tomie ndiye macho ya wote wawili. Kabla ya Tomie, Seiji alikuwa anakimbia juu ya mashine chumbani, pua ikitazama ukuta. Hana mwingine wa kumtoa nje. Na anachokitaka, kuliko hata mbio zenyewe, ni kuambiwa.

"Leo kukoje, Bi Tomie?"

Basi Tomie humwambia. Mvuke unapanda mtoni polepole. Miti imevaa barafu hadi kijiti cha mwisho. Bata maji weupe wamelala, shingo chini ya bawa. Seiji hukimbia akitabasamu, kinywa wazi, kama mtoto anayelishwa.

Shida ni miwani. Theluji ya huku ikipigwa na jua inaunguza macho. Iliwahi kumuunguza Tomie, akashinda amejifungia gizani, na daktari akamwapisha asikimbie tena bila miwani ya jua. Tena kuna barakoa. Kumpumulia mtu usoni wakati wa mafua ni utovu wa adabu, na Tomie ana adabu hata pasipo na watu. Basi pumzi inakosa pa kutokea, inapanda juu, na vioo vinageuka maziwa.

Wateja walimshauri wee mpaka wakachoka. Kunja karatasi laini uiweke juu ya pua, ndani ya barakoa. Isogeze miwani mbele kidogo, upepo upite. "Shusha barakoa, mama, huko mtoni nani atakuona?" Tomie akawasikiliza kama mpishi anayefundishwa kuchemsha maji. Yeye alikuwa na dawa yake: yale maji yanayochuruzika tofu ikikandamizwa, ambayo bibi yake alikuwa akisugulia sakafu. Ukiyapaka kwenye kioo cha duka, mvuke hauna lake. Akayapaka kwenye miwani, na siku kadhaa vioo vikang'aa kweli. Kichwa kikamvimba, acha tu.

Kisha ikaja baridi ya kugandisha kope. Walipopita daraja tu, maji yale ya tofu yakaganda palepale kwenye vioo. Maua ya barafu yakachanua mbele ya macho yake, meupe, mazuri ajabu, na dunia ikaondoka.

Si angesema tu? Neno moja! Lakini binti wa mvuke akiri kwamba ukungu umemshinda? Na amkatizie mwenzake mbio zake, amsumbue? Jamani, huku kwetu mtu yuko radhi avunjike mguu kuliko kusumbua watu. Tomie akaiachia miguu ikumbuke njia.

"Leo kukoje?"

"Bata maji," akasema. "Wengi. Mmoja amesimama juu ya barafu, anajinyoosha mbawa."

Na kweli akawaona. Ndani ya weupe ule waliinuka mmoja mmoja, bila sauti, wakapita juu ya mto kama shuka zinazopeperushwa. Mbweha mwekundu akavuka, akageuka kuwatazama. Tomie alisimulia, Seiji akacheka kwa furaha, na Tomie mwenyewe akasahau kuwa haoni. Miguu haikuwa na uzito. Alikuwa anaota huku anakimbia, na raha ile hajawahi kuipata tena.

Njia ya mwongo ni fupi. Ya mtoni ikapinda, wao hawakupinda. Seiji alitumbukia kwanza, theluji ikamfika kifuani, kamba ikamvuta na Tomie.

"Umeumia?" Tomie akapapasa.

"Nyamaza kwanza." Seiji alikuwa anasikiliza. Maji yalikuwa yanakwenda chini ya barafu, karibu mno. "Huo ni mto. Tuko ukingoni?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Sioni! Miwani imeganda. Sioni kitu tangu darajani!" Akaanza kulia.

"Na bata maji?"

"Niliwatunga."

"Mbweha?"

"Naye."

Seiji akamkamata mkono kwa viganja vile vya kukandia, bila upole wowote, akaupa mto mgongo na kumvuta hadi njiani. Wakasimama wakihema.

"Kushoto kwako kuna dubu," akasema.

Tomie aliruka akamng'ang'ania. "Yuko wapi? Wapi?"

"Dubu gani na baridi hii? Wamelala."

"Mtu mbaya wewe! Moyo umeniruka!"

"Mimi niliwapenda wale bata maji," Seiji akasema. "Niliwapenda sana, Bi Tomie. Sasa hata wa jana sijui niwafanye nini."

"Wa jana walikuwepo. Haki ya Mungu walikuwepo."

"Na nimuulize nani?"

Tomie akavua miwani, akashusha barakoa hadi kidevuni, akaivuta kofia karibu ifunike macho. Jua la kwenye theluji likamchoma, machozi yakamtoka upya.

"Naona theluji," akasema. "Na kitu cheusi, kule mbele. Labda mti. Labda mtu. Sijui."

Seiji akaitafuta kamba, akamwekea ncha yake mkononi.

"Haya," akasema. "Twende hadi hapo tukajue."